Kikombe cha Maji Ndani ya Gurudumu la Kulia

Ninyi vijana mnaopita mbele ya nyumba ya binti yangu hapa Buffalo na matairi yaliyoisha mpaka yanang'aa kama kichwa changu, nawaona. Theluji imefika magotini, na ninyi mnakwenda zamu ya asubuhi na matairi ya kiangazi, mnamtegemea Mungu tu. Juzi mmoja wenu alikwama pale kwenye kona. Nikatoka na koleo, tukachimba, tukasukuma, na gari lilipotoka akaniuliza kwa heshima nilikuwa nikifanya kazi gani zamani. Nikamwambia nilifunga matairi ya magari ya mashindano, yale yanayokimbia karibu maili mia mbili kwa saa. Akacheka mpaka akashika mlango wa gari asianguke. Basi nimeamua kuandika, na mwenye kucheka acheke akishamaliza kusoma.

Mimi naitwa Papa Neema, kwa jina la huyo binti ninayekaa kwake. Kazi niliianzia Uvira, kando ya barabara, wakati wengi wenu hamjazaliwa. Kwetu fundi wa matairi anaitwa kwado. Hana duka wala kibao. Anasimamisha tairi kuukuu njiani, watu wanajua yupo. Ana pampu, ana vyuma viwili vya bapa vya kuchokonolea, na ana beseni la maji. Beseni langu lilikuwa la bluu, limepasuka ukingoni nikaliziba mwenyewe, na ndilo lililokuwa diploma yangu. Tairi likitoboka, unalitumbukiza, unatazama mapovu yanatokea wapi. Ukingo wake ukikataa kukaa kwenye rimu, unalimwagia maji ya sabuni bila huruma, unalipiga teke, unalijaza upepo, na pa! limekaa. Kwado bila maji ni mvuvi bila nyavu. Nayasema haya mapema kwa sababu kosa kubwa la maisha yangu lilitoka katika beseni lile, ingawa beseni lenyewe lilibaki Uvira.

Vita vilipotuleta huku kama wakimbizi, tulipewa nyumba mjini Columbus, mtaa wa Whitehall, ghorofa ya pili, na nikapata kazi kwenye ghala la matairi. Nikafurahi nikidhani nimerudi kwenye ufundi. Kumbe kazi ilikuwa kuyabeba, kuyatoa kwenye lori na kuyapandisha kwenye rafu, siku nzima. Miaka ishirini ya ufundi, na sasa mimi ni punda. Lakini jioni nilikuwa kwado tena. Watu wa Whitehall na Reynoldsburg waliniletea magari yao kwenye maegesho ya apatimenti, wengine wananilipa kwa kuku, wengine kwa ahadi. Msimamizi wa apatimenti, mama mmoja mkali sana, akabandika karatasi mlangoni kwangu kwamba ni marufuku kutengeneza magari pale. Wiki iliyofuata alishuka mwenyewe na tairi lisilo na upepo, anatazama pembeni. Nikamtengenezea. Sikuona karatasi nyingine.

Pale ghalani ndipo nilipokutana na Virgil. Alikuwa mzee mwembamba wa Kentucky, masharubu meupe, suruali imeshikwa na mikanda ya mabegani, mwenye karakana ndogo huko Louisville. Kazi ya karakana ile ilikuwa kufunga matairi kwenye rimu kwa ajili ya timu ndogo ndogo za mashindano. Alikuja na gari la mizigo kuchukua matairi, na tairi lake mwenyewe likaishiwa upepo pale pale mlangoni. Ghala zima la matairi, na hakuna mashine hata moja ya kufungulia! Nikaomba vyuma viwili, nikalifungua, nikaliziba, nikalirudisha, yeye bado anatafuta namba ya simu ya fundi. Alinitazama mikono, hakunitazama uso.

"Nani alikufundisha?" akauliza.

"Njaa," nikamjibu.

Kiingereza changu wakati ule kilikuwa kifupi sana, kwa hiyo majibu yangu yalionekana ya hekima. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa Louisville, na nilikwenda na mwenzangu wa pale ghalani, Mrundi aitwaye Hakizimana, sisi tukimwita Haki. Mimi nilikuwa na mikono, Haki alikuwa na Kiingereza. Tuliajiriwa wawili ili tufanye mfanyakazi mmoja kamili. Mama Neema na binti yetu walibaki Whitehall kwanza, kusubiri shule ifungwe.

Jioni ya kwanza nilimpigia Mama Neema simu kumweleza kazi. Nikamwambia kuna uwanja mkubwa huko kusini, barabara ya lami yenye umbo la yai, na kona zake zimeinuliwa hata mtu hawezi kuzipanda kwa miguu bila kushika chini. Magari arobaini yanazunguka humo mchana kutwa.

"Bon," akasema, "na kisha banaendaka wapi?"

"Habaendi fasi. Banazunguka tu."

"Donc, batu wazima banapanda motokari, banazunguka masaa tatu, na banarudia pale pale balitokea?"

"Ni vile."

"Papa Neema, unakula muzuri huko? Unalala?"

Nilimwelewa. Mimi pia nilichelewa kuelewa mashindano yale, na kusema kweli mpaka leo sijui vizuri nani alikuwa anashinda. Nilichojua ni matairi. Tairi la mashindano halina mistari yoyote, ni laini kama ngozi ya ngoma. Gari linakata kona za kushoto tu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo matairi ya kulia hutengenezwa makubwa kidogo kuliko ya kushoto, na ole wako ukiyachanganya. Nati tano zinagandishwa kwenye rimu kwa gundi, ili yule anayebadilisha gurudumu asiziokote chini. Gundi ikiwa nyingi nati haiingii vizuri, ikiwa kidogo inaanguka. Nilijifunza kuipaka kwa kidole, kiasi cha punje ya maharagwe. Na kila fundi alikuwa na alama yake ya chaki ubavuni mwa tairi, ijulikane nani kalifunga. Haki aliandika H. Mimi nilichora nusu duara, beseni langu la Uvira.

Halafu kulikuwa na sheria ya ukavu. Virgil alinionyesha siku ya kwanza: ukingo wa tairi unapakwa sabuni kidogo tu kwa brashi, na ndani hatujazi upepo wa kawaida bali hewa kavu ya mtungi. "Brashi, si ndoo," alisema, na Haki akanitafsiria. Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo mzee. Lakini sikuuliza kwa nini. Nilifikiri ni mambo ya kutu, au ni usafi tu wa hawa watu. Kwetu mwanafunzi haulizaulizi. Anatazama na kutii. Nami nilikuwa mwanafunzi mwenye miaka hamsini na sita.

Msidhani maisha yalikuwa sheria tupu. Siku moja nilipika sombe, yale majani ya muhogo, pamoja na ndagala, dagaa wa kwetu, nikaja nazo karakanani, nikaziweka kwenye ile mashine ya kupashia chakula. Virgil alitoka nje mbio akidhani kuna mpira unaungua. Alikagua mashine zote, moja moja, pua juu. Haki alipomwonyesha bakuli langu alikaa chini. Lakini Ijumaa iliyofuata alikuja na kijiko chake mwenyewe, akasema anataka kujua adui ana ladha gani. Akamaliza nusu.

Sasa niwapeleke uwanjani. Ilikuwa miaka ile kati ya 2014 na 2016, wakati wa joto, Jumapili. Tulikuwa na hema letu nyuma ya sehemu ambako magari huingia kubadilishiwa magurudumu. Mwenye kushughulikia matairi katika timu tuliyoihudumia alikuwa mwanamke aitwaye Darlene, mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha ng'ombe. Asubuhi ile dereva wao alikuja kuyaona matairi yake. Alikuwa kijana wa miaka kama thelathini, uso umeiva kwa jua, na amembeba begani binti yake, mtoto wa miaka mitatu au minne. Mtoto akainama kutoka huko juu, akaligusa tairi moja kwa kiganja, akacheka kwa sababu lilikuwa linanata. Nikamchekea. Nilimkumbuka Neema alipokuwa kimo kile, akikaa juu ya matairi yangu pale barabarani.

Saa moja kabla ya mbio Darlene akaleta gurudumu moja, la kulia la mbele. Lilikuwa limekwisha fungwa na kusawazishwa kwenye mashine, lakini lilikuwa linavuja polepole kwenye valvu. Virgil alikuwa ameitwa upande wa pili. Haki alikuwa anabeba mitungi. Nikalilegeza upande mmoja, nikabadilisha valvu, kazi ya dakika tano. Kulirudisha ndipo likagoma. Ukingo haukai. Nikapaka brashi, haukai. Darlene amesimama juu yangu, anatazama saa yake. Na hapo, wanangu, mikono yangu ikarudi Uvira bila kuniaga. Nilichukua chupa yangu ya maji ya kunywa, nikatia sabuni ya Haki ya kunawia, nikatikisa, nikalimwagia tairi lile kama ninavyojua mimi, nikalipiga teke, nikafungua hewa. Pa! Limekaa. Darlene akaniinulia kidole gumba, akaondoka nalo. Kulirudisha kwenye mashine ya kusawazisha hakuna aliyekumbuka. Nilichora beseni langu kwa chaki nikijisikia mfalme.

Mbio zikaanza. Yule anayesema ameona magari yakienda kasi kwenye barabara kuu hajaona kitu. Mara ya kwanza niliposikia ile sauti, ardhi ikitetemeka mpaka kifuani, nilijikuta nimechuchumaa nyuma ya mitungi, maana sauti nilizozijua za namna ile kwetu hazikuwa za michezo. Haki alichuchumaa pia. Tulitazamana, tukacheka, tukanyanyuka. Safari ile tulikuwa tumekwisha zoea. Tulivaa vizuia masikio vyetu na kukaa juu ya ndoo tulizozifudikiza.

Mbio zilipoelekea mwisho, magari kumi na mbili yaligongana kwenye kona ya tatu. Gari moja la mbele liliyumba tu kidogo, na kwa kuwa yanakimbia yakiwa yamebanana, mengine yote yakaingia mle. Moja lilikwenda ukutani kwa ubavu, likarudi halina sura. Tulisubiri. Dereva wake akatoka, akapunga mkono, uwanja mzima ukashusha pumzi. Dereva wa Darlene alikuwa amepita chini kabisa, hakuguswa.

Wakati magari yakitembea polepole ili barabara ifagiliwe, magurudumu yaliyotumika yakarudishwa hemani. Virgil akaniita. Aliweka mkono wangu juu ya tairi, moto kama sufuria. Huyu mzee alipenda kufundisha, na siku hiyo, Mungu ndiye anajua kwa nini, akaamua kufundisha jambo hili.

"Unajua kwa nini hewa kavu?" akauliza, na Haki akatafsiri. "Maji kidogo yakiwa ndani, joto linayageuza mvuke. Mvuke unataka nafasi. Tairi linavimba kuliko tulivyopima. Likiwa la kulia mbele, gari linakataa kukata kona. Dereva anageuza usukani, gari linakwenda moja kwa moja."

"Linakwenda wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

Akaelekeza kidole ukutani.

Nikatazama upande wetu, nyuma ya ule ukuta mdogo ambao vijana huuruka gari likiingia, ambako Darlene alipanga seti zake. Gurudumu lile nililolimwagia maji lilikuwa pale, katika seti ya mwisho, ile itakayofungwa mara ya mwisho magari yatakapoingia. Beseni langu jeupe la chaki lilionekana hata kutoka mbali.

Nikamvuta Haki pembeni, nikamweleza. Haki alikuwa mtu mwema, na mpaka leo tunapigiana simu, lakini nitawaambia alivyosema.

"Umeweka maji kiasi gani?"

"Siyui. Chupa iko nusu."

"Labda mengi yalimwagika nje."

"Labda."

"Basi nyamaza, Papa Neema. Ukisema, mzee atapoteza hii kazi, na sisi tutarudi kubeba matairi Columbus. Wote wawili. Mimi pia nina watoto."

"Ule kijana naye iko na mutoto, Haki. Uliona mutoto."

Haki akatazama chini. Hakusema tena nyamaza, lakini pia hakusema nenda.

Nikaenda. Na hapa ndipo penye kosa langu la pili, ambalo hamtalielewa ninyi mliozaliwa huku, mnaowakatiza wazazi wenu maneno kwa Kiingereza. Virgil alikuwa anaongea na Darlene na wakubwa wengine wawili wa timu. Mimi nilikuwa mtu mdogo mwenye habari mbaya. Kwetu mtu wa namna hiyo hamkatizi mkubwa, na habari mbaya haisemwi mbele ya wageni wake ukamwaibisha. Unasimama nyuma yake kidogo, mikono umeifumbata mbele, unangoja akuone. Hivyo ndivyo nilivyolelewa, hivyo ndivyo nilivyofanya. Nikasimama.

Magari yakaanza kukimbia tena. Mzunguko mmoja kwenye uwanja ule hauchukui dakika nzima. Virgil alikuwa na vizuia masikio vikubwa vyenye redio, ananipa kisogo. Nikakohoa. Nani akusikie ukikohoa pale! Mzunguko mmoja, wa pili, wa tatu. Nikahama upande ili kivuli changu kimwangukie miguuni. Hakukiona. Mzunguko wa saba. Jasho linanitiririka mgongoni, miguu inataka kwenda, adabu inaishika. Niliomba kimoyomoyo, Bwana, mgeuze huyu mzee. Bwana hakumgeuza. Nadhani alikuwa ananishangaa mimi.

Mzunguko wa kumi na mbili, nikamwona Darlene akiinua mkono, na vijana wake wakaanza kuyasogeza magurudumu ya seti ya mwisho kwenye ule ukuta mdogo. La kwanza lilikuwa la kulia la mbele. Mmoja alikwisha liegemeza pajani mwake, tayari kuruka nalo.

Nikamshika Virgil kichwa. Mimi, mtoto wa Uvira niliyefundishwa kwamba kichwa cha mtu mzima hakiguswi, nilimshika kwa mikono miwili, nikamvua vile vitu masikioni, nikamgeuza uso. Alinikodolea macho kama aliyevamiwa.

"Maji," nikasema kwa Kiingereza changu. "Ndani. Mimi."

Nikaonyesha kwa kidole alama yangu ya chaki kwenye gurudumu lile.

Virgil alikuwa na zaidi ya miaka sitini, na sijapata kuona mzee akikimbia vile. Alifika ukutani akalikumbatia gurudumu lile, akalinyang'anya kwa yule kijana, wakaanguka chini wote wawili pamoja na gurudumu. Darlene akapiga kelele. Virgil naye akapiga kelele. Gari lilikuwa limekwisha ingia. Wakachukua seti nyingine iliyokuwepo, ya matairi yaliyokwisha kukimbia mizunguko kadhaa, wakayafunga hayo. Gari likatoka limechelewa, na likapitwa na mengi. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale na vizuia masikio vya mzee mkononi, nalia wazi wazi, wala sioni haya kuliandika.

Mbio zilimalizika salama. Dereva wetu alikuwa katikati ya kundi, si wa kwanza wala wa mwisho.

Virgil akalileta lile gurudumu hemani, akalilaza mezani mbele yetu. Akatoa hewa yote. Akalegeza ukingo. Kisha akachukua kikombe chake cha kahawa, kikombe cha bati cheupe chenye ukingo wa bluu, akamwaga kahawa iliyobaki, akamwambia Haki ainamishe tairi. Maji yakatoka, yenye povu la sabuni. Yakaendelea kutoka. Kikombe kikajaa mpaka juu. Darlene alikitazama, akatia mikono mifukoni, akaondoka. Mimi nilikuwa nimekwisha anza kuzikunja ovaroli zangu.

Kabla hatujafunga hema, yule dereva akaja na binti yake begani, nywele zimelowa jasho, amekasirika kidogo.

"Nani kanifungia yale matairi ya zamani mwishoni?" akauliza. "Nilikuwa nateleza kama niko kwenye barafu. Ningeweza kumaliza katika kumi bora."

Nikafungua mdomo. Virgil akanitangulia.

"Mimi," akasema. "Nilaumu mimi."

Dereva akanung'unika, kisha akacheka, maana alikuwa mtu wa moyo mzuri. Mtoto akainama kutoka begani, akanyoosha mkono kwenye kikombe kilichokuwa mezani. Alikuwa na kiu.

"Hayo si ya kunywa, mama," Virgil akamwambia, na akampa chupa safi. Wakaenda zao, mtoto anakunywa huku maji yanamdondokea baba yake shingoni, na baba anapiga kelele za kucheka. Sikumwambia kitu, wala Virgil hakumwambia. Mpaka leo hajui.

Tulilala huko, na asubuhi ya Jumatatu tukarudi Louisville. Virgil aliendesha, macho barabarani. Haki alijifanya amelala. Tulipoingia Kentucky ndipo mzee akaniuliza, Haki akaamka papo hapo kutafsiri.

"Ulisimama nyuma yangu muda gani?"

"Mizunguko kumi na mbili."

"Ukifanya nini?"

"Nakungoja. Ulikuwa na wageni. Wewe ni mkubwa wangu."

Akaendesha tena kipande kirefu.

"Maji nimekusamehe," akasema mwishoni. "Sheria nilikupa, sababu sikukupa, kwa hiyo kosa tumegawana. Ile mizunguko kumi na mbili, hiyo bado."

Nilidhani ananifukuza. Jumanne nilikwenda kuchukua vitu vyangu, nikakuta ameweka chaki nyekundu juu ya mashine yangu. Kuanzia siku hiyo hakuna gurudumu lililotoka mlangoni kwetu bila mimi kulikagua na kulichora beseni langu jekundu ubavuni, hata kama limefungwa na Virgil mwenyewe. Nilimrudishia mangapi yake, bosi mzima, mbele ya watu! Mara ya kwanza nilimrudishia nikimwomba radhi. Mara ya kumi nilikuwa naona raha. Ile timu ya Darlene ilibaki nasi, ingawa Darlene alininyang'anya chupa ya maji kila aliponiona nayo, nikawa nakunywa nje ya hema kama mbuzi.

Mama Neema alipohamia Louisville nikampeleka mara moja kutazama. Alikaa mbio nzima mikono masikioni. Mwishoni akasema, "Sasa nimeona. Habaendi fasi, lakini banarudia bazima. Ni muzuri." Sijasikia mtu mwingine akiueleza mchezo ule vizuri zaidi. Mungu amrehemu, tuliishi pale miaka mizuri.

Basi, vijana. Wengi wenu mko kwenye maghala na viwanda na kulea wazee wa watu, na mmefundishwa adabu nyumbani. Ishikeni, ni nzuri. Lakini mkubwa wako akikupa sheria, muulize sababu yake siku ile ile. Na ukijua kuna maji ndani ya gurudumu, usimame nyuma ya mtu mzunguko mmoja tu, kumwonyesha kuwa umelelewa. Wa pili, mshike kichwa. Na mnunue matairi ya theluji, jamani.

Nilipostaafu, Virgil hakunipa saa wala cheti. Miaka yote ile alikuwa akinywa kahawa kwenye kile kikombe cha bati, na kila asubuhi alikiinua kunisalimia nacho, na mimi nikijifanya sioni. Siku ya mwisho alikiosha, akakifunga katika gazeti, akanipa. Ndicho ninachonywea chai hapa dirishani nikiwatazama mkiteleza. Wajukuu wangu wananiuliza kwa Kiingereza kwa nini hakuna ruhusa ya kukigusa, kikombe chenyewe cha zamani, kidogo hivyo, hakichukui hata soda moja. Mimi nawajibu kwa Kiswahili, wapende wasipende, kwamba wamekosea kukipima. Kinachukua mtu mzima mmoja, na mtoto wake begani.